Foronya kwenye Kamba

Jumatatu, 2 Machi

Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na shajara na aandike humo kwa Kiingereza, hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Mimi nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kingeishia kwenye tarehe. Amesema hatazisoma, ni za kutuzoesha kalamu tu. Namwamini. Mwalimu huyo nimemzaa mwenyewe, na najua kwamba akidanganya hukuna shingo. Tabia hiyo ameirithi kwangu.

Mimi ni msimamizi wa zamu ya asubuhi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya wodi zote, foronya, mablanketi, nguo za chumba cha upasuaji, vyote hupita mikononi mwetu. Sasa uongozi mpya umeleta mashine mpya. Zikiharibika zinaandika ugonjwa wao kwa Kiingereza kwenye kioo, na fundi wao ukimpigia simu hajui lugha nyingine. Kwa hiyo imeamriwa: kila msimamizi wa zamu, na kila anayetaka kuwa msimamizi, ajue kutunga sentensi ya Kiingereza iliyonyooka. Mtihani utakuwa mwishoni mwa mvua. Msimamizi atakayeshindwa atavua koti la bluu na kwenda chumba cha uchafu, kule mifuko ya wodi inakofunguliwa.

Nilianzia chumba cha uchafu nikiwa msichana. Harufu ile inaingia kwenye nywele, unalala nayo na unaamka nayo. Nilitoka kule kwa jasho langu na sirudi.

Walipotafuta mwalimu, aliyepata kazi ni mwanangu. Mkataba wake ni wa majaribio. Jana jioni, tukila, aliniambia bila kuniangalia, "Mama, darasani usiniite mwanangu. Niite mwalimu, kama wengine."

"Na wewe utaniitaje?"

"Nitakuita zamu yako ikifika."

Jumatano, 4 Machi

Somo la kwanza, chumba cha pasi, baada ya zamu. Mwalimu amefunga kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Ameleta foronya kuukuu zilizoandikwa maneno ya Kiingereza, na sentensi tunaitundika kwa vibanio, neno moja moja, kutoka kushoto. Anayetenda kwanza, huyo ni sabjekti. Halafu kazi yenyewe, hiyo ni vabu. Halafu anayefanyiwa, huyo ni obujekti.

Mzee wa boila, anayetuchemshia maji, alinyoosha mkono. "Nimeelewa, mwalimu. Sabjekti ni bosi, vabu ni kazi, obujekti ni sisi."

Tulicheka mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Niliona fahari, nikainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza. Mashine moja ya kukausha imekufa. Tumetundika mashuka mpaka korido.

Ijumaa, 13 Machi

Leo nimeaibishwa. Wiki hii mwalimu amepiga marufuku Kiswahili darasani. Mama Pasi, shoga yangu tangu ujana, anayepiga pasi meza ya kwanza, aliniuliza kitu kwa Kiswahili nikamjibu kwa Kiswahili. Mwalimu akasimamisha somo. Akanionyesha mlango. Nikasimama nje kwenye korido katikati ya mashuka mabichi, mimi na mvi zangu, mpaka somo likaisha.

Mama Pasi hakutolewa. Yeye ndiye aliyeanza.

Njiani kurudi nyumbani mwanangu alinifunika kwa mwavuli wake. Nikatoka chini ya mwavuli nikatembea na mvua.

Jumanne, 17 Machi

Hatusemeshani. Ananiamkia, naitikia, basi. Jioni alichukua beseni akatia rangi akachovya foronya mpya, nyekundu kama damu. Kumbe anataka kila sehemu ya sentensi iwe na rangi yake, tusichanganye, na nyekundu ni za vabu. Nilikuwa pembeni nachambua mchele nikamwona.

Mtu yeyote wa chumba cha kufulia angemwambia neno moja. Mimi niliendelea na mchele wangu. Nilijiambia, aliyesoma ni yeye.

Jumatano, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kwetu mfuko mwekundu ni mfuko wa damu na magonjwa ya kuambukiza. Hakuna anayegusa kitambaa chekundu bila glavu, hata kama kimetoka dukani sasa hivi. Siku ya kwanza ya kazi, kabla hujaonyeshwa choo kiko wapi, unafundishwa hilo. Mwili unalishika. Tunavaa nguo nyekundu majumbani mwetu kama watu wote, lakini tukishaingia mlango wa kazini mkono unakataa wenyewe.

Mwalimu akamwaga foronya mezani. Nyeupe, kijani na nyekundu. Akamwita Mama Pasi atundike sentensi. Mama Pasi akachukua nyeupe akatundika, akaruka, akachukua kijani akatundika. Kamba ikabaki na tundu katikati. Mwalimu akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba kazi haipo. Mama Pasi akatazama chini. Akaitwa mzee wa boila. Naye nyeupe, kijani, tundu. Akaitwa wa tatu, hivyo hivyo. Kwa kuwa Kiswahili kimekatazwa, na mimi nilishatolewa nje kwa ajili yake, hakuna aliyefungua mdomo kueleza.

Nilimwona mwanangu shingo inavyobadilika rangi. Alidhani tumekula njama. Akaniita mimi. Akanitazama kama anayesema, hata wewe?

Ningeweza kunyoosha mkono tu. Ni kitambaa chake, nilikiona kikitiwa rangi kwenye beseni letu la nyumbani. Nikanyoosha. Wallahi nilinyoosha, na vidole vikagoma.

Hapo ndipo meneja akaingia. Alikuwa anapita, akavutiwa na ukimya. Akatazama kamba yenye tundu, akatazama wanafunzi walioinamisha vichwa kama wafiwa, akamwita mwalimu nje. Mlango haukufungwa vizuri.

"Darasa limekugomea," alisema meneja. "Mkataba wako ni wa majaribio. Nikisikia tatizo jingine moja, la aina yoyote, hatutaendelea."

Aliporudi alikusanya foronya zake kwa mikono miwili. Mikono ile niliifundisha mimi kushika kijiko.

Alhamisi, 19 Machi

Kabla hajaamka nilisukasuka foronya zile kwenye maji ya moto na soda mpaka wekundu ukatoka, kisha nikazitia bluu. Aliamka akanikuta, nikamweleza mambo ya mfuko mwekundu.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nimekasirika."

"Ulikuwa umekasirika," alirudia. Akakaa kwenye kigoda. "Nilikutoa nje kwa sababu wewe ni mama yangu. Ningemtoa Mama Pasi wangesema nakupendelea. Wanasubiri waone hilo tu. Unaelewa?"

Nilielewa na haikunipendeza. Nikamkaangia mayai.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki. Wodi ya wazazi wamepiga simu tena.

Jumatano, 8 Aprili

Rangi zimesaidia. Wote wanasonga mbele. Mimi nimekwama kwa mgonjwa.

Sentensi ndogo nazimudu. Muuguzi anafua shuka, daktari anaita muuguzi, hizo natundika nimefumba macho. Lakini kuna zile zenye mambo mawili: muuguzi alimpa mgonjwa shuka. Shuka ni obujekti, mgonjwa naye ni obujekti, nani atangulie? Kwa Kiswahili ile 'm' ya alimpa inamshikilia mgonjwa popote nitakapomweka, Kiingereza hakina. Kila nikitundika, mgonjwa wangu anabaki mwisho wa kamba ananing'inia peke yake. Mwalimu anatikisa kichwa tu. Wengine akiwaona wanahangaika huwadokeza, herufi ya kwanza au ishara ya mkono. Mimi hanidokezi hata kwa kope. Nyumbani nikimwuliza anasema, "Swali hilo uliza darasani, mama."

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Mgonjwa mwisho wa kamba.

Jumatano, 15 Aprili

Wakati wa chai nilisema naogopa mtihani. Mama Pasi akapuliza kikombe chake. "Wewe unaogopa nini? Mtihani umeuzaa mwenyewe."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, lakini ilinichoma. Mama Pasi ndiye wa pili kwangu katika zamu. Nikianguka mimi na yeye akapita, koti la bluu ni lake. Nimekula naye sahani moja na kumshikia watoto wake, na leo nimemtazama nikajiuliza huyu ananiombea nini.

Ijumaa, 24 Aprili

Mashine kubwa ilisimama ghafla ikaandika kwenye kioo. Wote wakarudi nyuma. Nikasogea nikatafuta anayetenda, nikatafuta kazi. Mlango haujafungwa, ndivyo ilivyokuwa inasema. Nikausukuma kwa kiuno, mashine ikaendelea. Mzee wa boila akanipigia saluti. Siku nzima nilitembea kama niliyeongezwa urefu.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Mgonjwa mwisho wa kamba.

Jumatano, 6 Mei

Kuna aliyepeleka maneno juu. Meneja alikuja darasani na kusema amesikia kuna mzazi na mtoto hapa. Kwa hiyo kwenye mtihani atakaa yeye mwenyewe mezani na atazisoma sentensi yeye, kwa Kiswahili, sisi tuzitundike kwa Kiingereza. Kila mtu sentensi tatu. Zote sawa umepita, moja ikienda kombo umeanguka. Kisha akamtazama mwanangu mbele ya watu wote.

"Nikiona upendeleo, hata wa chembe, mtihani wa wote unafutwa na wewe unaondoka siku hiyo hiyo."

Sikumtazama Mama Pasi. Nilitazama ukuta. Nilikuwa na hakika ni yeye.

Nyumbani mwanangu hakula. Nilitaka kumwambia aache kazi hii, atapata nyingine. Lakini alitafuta muda mrefu kabla ya kuipata, na anaipenda. Huwa namsikia alfajiri anafanya mazoezi ya somo mbele ya kioo, anajicheka mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alhamisi, 7 Mei

Sikumsemesha Mama Pasi.

Jumanne, 12 Mei

Mvua imepungua mchana, ikarudi jioni.

Alhamisi, 21 Mei

Nimeelewa.

Wasaidizi wawili wa zamu hawakuja, nikapeleka mashuka wodini mwenyewe. Muuguzi mmoja alichukua shuka juu ya mzigo wangu, akaenda kwa bibi mmoja aliyelala kando ya ukuta. Hakumpa shuka kwanza. Kwanza alimwendea yeye. Alimgusa bega, akasubiri afumbue macho, ndipo akamkunjulia shuka. Nikasimama na mzigo wangu mlangoni. Mgonjwa kwanza, shuka baadaye. Unamfikia mtu, ndipo unampa kitu. Kama kamba ingekuwa pale wodini ningetundika sentensi bila kuangalia.

Niliporudi nilijaribu na nyingine. Mama alimpa mtoto maziwa. Meneja alimpa mwalimu onyo. Zote zilikaa. Nimeimba njia nzima. Mwanangu ameniuliza nina nini, nikasema hakuna kitu, utaona kesho kwenye mtihani.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua kubwa tangu asubuhi. Meneja alikaa mwisho wa meza na karatasi zake, mwanangu upande wa kushoto, foronya zote katikati. Anayesubiri alisimama nyuma ya anayefanya.

Mzee wa boila alipita. Msimamizi wa zamu ya mchana alianguka sentensi ya pili, akavua koti lake pale pale akalikunja vizuri sana, kona kwa kona. Hakuna aliyejua pa kuangalia.

Nikaitwa mimi. Nyuma yangu Mama Pasi.

Ya kwanza ilikuwa ya daktari na mlango. Nikatundika, nikasoma, meneja akatia alama. Ya pili ilikuwa ya mashuka na mvua. Alama. Mwanangu alikuwa anatazama kalamu yake tu. Ya tatu meneja aliisoma bila kuinua kichwa: muuguzi alimpa mgonjwa shuka safi leo asubuhi.

Nilitaka kucheka. Katika sentensi zote za duniani, hiyo.

Nikatundika muuguzi. Nikatundika kazi yake, ya bluu. Nikageuka mezani. Nilisimama kidogo, kwa sababu nilikuwa naionja furaha yangu, nataka niibebe polepole. Foronya ya mgonjwa ilikuwa upande wa mwanangu. Nikanyoosha mkono.

Mkono ukiwa njiani, mwanangu akaweka kidole juu ya foronya ile.

Hakusema kitu wala hakukohoa. Alikiweka tu, kama mtu anayepapasa kitambaa, kisha akaniangalia. Alikuwa ameniona nimesimama akadhani nimekwama pale pale ninapokwama siku zote. Msimu mzima hakunidokeza hata kwa kope, na leo, siku ambayo ingemwangamiza, alishindwa. Macho yalikuwa yale ya utotoni, akiwa na homa na mimi nikiondoka kwenda kazini.

Nikasikia pumzi ya Mama Pasi ikikatika nyuma yangu. Ameona. Meneja akaanza kuinua kichwa. Kidole bado kiko pale.

Nilikuwa najua. Nataka iandikwe mahali fulani. Nilikuwa najua kabla ya kidole, mkono wangu ulikuwa tayari hewani. Lakini ni nani angeamini? Ningeivuta foronya ile chini ya kidole chake, meneja anatazama, na yote yangeishia hapo: kazi yake, mtihani wa wote, saluti ya mzee wa boila.

Mkono wangu ukapita juu ya kidole cha mwanangu, ukachukua shuka. Nikatundika shuka. Nikarudi nikatundika asubuhi. Mgonjwa nikamtundika mwisho wa kamba, peke yake, kama kawaida yangu. Nikasoma yote kwa sauti, bila kutetemeka.

"Siyo," alisema meneja. Hakuwa na ubaya. Hata alionekana amesikitika kidogo. Akamtazama mwanangu, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilivua koti. Nililikunja kona kwa kona.

Jumatatu, 25 Mei

Chumba cha uchafu. Harufu haijabadilika, imenikumbuka kuliko nilivyoikumbuka. Glavu ni nzuri kuliko za zamani. Nililia kidogo ndani ya barakoa, mahali ambapo mtu akikuona anadhani ni jasho.

Mwanangu wamempa mkataba kamili. Meneja amesema mbele ya wote kwamba mwalimu huyu hapendelei.

Mchana Mama Pasi alikuja mlangoni, koti la bluu limembana mabegani. Nilijua atakuja. Nikaendelea na mifuko yangu.

"Maneno ya kule juu hayakutoka kwangu," alisema. "Yule wa zamu ya mchana ndiye aliyepeleka. Nimejua leo."

Nikafungua mfuko mwingine.

"Na Ijumaa niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona kidole." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na niliona mkono wako ulikuwa umeshafika kabla yake. Ulikuwa unajua, shoga yangu. Unasikia? Mimi niliona ulikuwa unajua."

Ilibidi nikae juu ya mifuko. Msimu mzima nimemwekea kinyongo mtu pekee duniani anayeweza kunishuhudia, na hawezi kusema, kwa sababu hawezi kuutaja mkono wangu bila kukitaja kidole.

"Ukimwambia mtu," nilisema, "nitakufua na nguo zako mwilini."

"Kwa maji ya moto au ya baridi?"

Tukacheka, kisha akanishikia mfuko mwekundu nikaumwaga.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imekwisha. Jua limetoka kali na uani kila nyumba imeanika.

Nilikuwa nafua za nyumbani. Mwanangu akaja akakaa kwenye kigoda.

"Mama. Ile siku nilikuwekea kidole. Hukukiona?"

Mkono wangu wa kulia ulitaka kupanda kukuna shingo. Nikauzamisha kwenye povu la beseni na wa kushoto juu yake.

"Macho yangu haya, mwanangu. Mvuke umeyamaliza. Kidole gani?"

Alinitazama sana. Kisha akapumua, na mabega yakamshuka, sijui kwa huzuni au kwa nafuu. Akaingia ndani akatoka na foronya zake na vibanio. Akazitandaza kwenye majani.

"Mwakani watafanya mtihani tena," alisema. "Tutaanza upya, wewe na mimi. Hapa nyumbani sina haja ya kukutoa nje. Haya, mama. Nani anatenda?"

"Muuguzi," nilisema, nikatundika nyeupe.

"Anafanya nini?"

Nikatundika bluu. Tulipofika kwa mgonjwa nikasita, nikakuna kichwa, nikamwacha anishike mkono anionyeshe.